Nyinyoro si Yungiyungi: Juu ya Kulitambua Ua la Mwanzo wa Mvua Unguja

Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi ya kulitambua ua moja la mwituni ambalo huchanua Unguja mvua zinapoanza. Nakusudia pia kueleza kwa nini jambo hili, ambalo kwa juu juu laonekana kuwa kazi ya mtaalamu wa mimea, limeletwa mbele ya wasomaji wa jarida la lugha. Jina la ua hilo ni nyinyoro. Neno hili limeandikwa vitabuni tangu karne ya 19, tena limo katika tafsiri iliyosomwa na watu wengi sana. Hata hivyo, wengi wa wale walijuao neno hawajapata kuliona ua, na wengi wa wale walionao ua kila mwaka hawalijui neno. Neno na kitu vimeachana, na kila kimoja chaishi peke yake. Hali hiyo ni hasara kwa kamusi, na kama nitakavyoonyesha, yaweza kuwa hatari kwa watu.

Chanzo cha uchunguzi huu

Mwaka mmoja, mwanzoni mwa masika, mwanafunzi wangu mmoja akaaye Ng'ambo alileta darasani ua alilolichuma njiani, pembezoni mwa mashamba yaliyo karibu na msitu wa Masingini. Lilikuwa bua moja nene la kijani lisilo na jani hata moja, na juu yake tufe jekundu lipatalo ukubwa wa balungi. Aliuliza jina lake. Wenziwe karibu wote walijibu kwamba ni yungiyungi. Mimi, mwalimu wao, niliyevuka bahari kwenda kutafuta shahada ya udaktari katika elimu ya lugha, sikuwa na jibu lililo bora kuliko lao.

Nilipolifikiri jibu letu niliona mahali lilipotoka. Ua la namna ile, lenye bua refu na asili ya tunguu, watu wa Ulaya hulitia katika kundi ambalo vitabu vyetu vya shule vimezoea kulifasiri kwa neno yungiyungi. Basi tulikuwa tumelichukua ua la Unguja, tukalivusha katika lugha ya kigeni, kisha tukalirejesha nyumbani likiwa limevaa jina la ua jingine. Safari hiyo ya kwenda na kurudi tuliifanya kwa nukta moja, wala hapana aliyeitambua.

Jioni ile nililichukua ua hilo hadi Mikunguni, nyumbani kwa shangazi yangu, ambaye alizaliwa shamba na kuja kukaa Ng'ambo alipoolewa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hilo umelitoa wapi?"

"Upande wa Masingini. Wanafunzi wangu wasema ni yungiyungi."

Alicheka. "Yungiyungi laota majini, mwanangu. Hili ni nyinyoro. Liweke mbali na watoto, kisha ukanawe mikono."

Katika maneno hayo machache mlikuwa na mambo 3 ambayo kamusi njema yapasa kuyasema juu ya mmea wowote: mahali uotapo, jina lake, na namna watu wanavyohusiana nao. Sisi wasomi wa darasani hatukuwa na hata moja.

Mitaa ya Ng'ambo na majina ya mimea

Asidhani msomaji kwamba watu wa Ng'ambo ni wavivu wa kutaja mimea. Mji huo, ulioanza ng'ambo ya hori iliyoutenga na Mji Mkongwe, na ambayo sasa imekwisha kufukiwa, umejaa majina ya miti. Kuna Miembeni, Mwembetanga, Mwembeladu na Mwembeshauri. Kuna Mikunguni kutokana na mikungu, na Michenzani kutokana na michenza, ijapokuwa mgeni aendaye Michenzani leo huona majumba marefu kabla ya kuona mchenza. Mti mkubwa huwa alama ya njia, kivuli cha baraza na chakula cha watoto. Kwa hiyo hupata jina, na jina hubaki hata mti ukikatwa.

Vivyo hivyo maua yenye harufu nzuri hayakosi majina. Asumini, waridi, mkadi na mrehani vyajulikana na kila mtu, kwa kuwa vina kazi: hutiwa katika kikuba, hupambwa arusini, huwekwa chumbani. Ua la nyinyoro halina harufu ya kutajika, halitiwi katika kikuba, na maisha yake ni mafupi. Baada ya wiki moja au mbili limekwisha nyauka. Aliyehama shamba akaja mjini hana haja nalo. Ndipo tuonapo kanuni ambayo mwanafunzi wa msamiati hana budi kuikumbuka: jina la mmea hushikwa na haja. Haja ikiondoka, jina hulegea. Na jina lililolegea huchukuliwa kwa urahisi na neno la jirani.

Juu ya majira

Katika nchi za baridi ua linalochanua msituni wakati wa kuchipua hutambuliwa kwanza kwa majira yake. Huko theluji huyeyuka, miti huwa bado haijaota majani, nuru hufika chini, na mimea midogo hufanya haraka kutoa maua kabla ya kivuli kurudi. Sisi hatuna majira hayo. Tuna kaskazi na joto lake, tuna masika ya miezi ya Machi hadi Mei, tuna kusi na kipupwe chake, kisha tuna vuli ya mwishoni mwa mwaka. Mfasiri aandikapo "majira ya kuchipua" huwa ametaja jambo la kweli kwa watu wengine, lakini kwa msomaji wa Unguja maneno hayo hayana mwezi.

Hata hivyo nyinyoro ni ndugu wa maua yale kwa tabia. Wakati wa ukavu mmea hulala ardhini kama tunguu, usionekane kabisa. Mvua za kwanza zikilowesha udongo, bua huchomoza, aghalabu kabla ya majani au pamoja nayo, na tufe jekundu hufunguka huku majani mengine ya chini yangali machanga. Kinachouamsha mmea wa Ulaya ni joto linalorejea. Kinachouamsha huu wa kwetu ni maji yanayorejea. Basi anayetaka kueleza nyinyoro kwa Kiswahili sahihi asitafute neno la majira ya kigeni. Aseme tu kwamba ni ua la mwanzo wa mvua.

Dalili za kulitambua

Mtu akiona ua jekundu mwituni na atazame mambo haya kwa utaratibu.

Kwanza, atazame umbo la kichwa. Tufe lile si ua moja. Ni maua madogo mengi, yawezayo kufika 200, yaliyotoka mahali pamoja juu ya bua, kila moja kwa kikonyo chake, yakaenea pande zote mpaka yakafanya mviringo. Upana wa tufe huwa sentimita 10 hadi 20 hivi.

Pili, achukue ua dogo moja alihesabu. Ataona petali 6 nyembamba kama uzi mpana, na stameni 6 zilizochomoza nje, zenye nyuzi nyekundu na vichwa vya manjano vyenye chavua. Wingi wa nyuzi hizo ndio ulipao tufe sura ya kitu kilichosimamisha nywele.

Tatu, atazame chini ya petali. Ovari, yaani kifuko kitakachokuwa tunda, iko chini ya mahali petali ziliposhikana. Dalili hii ni ndogo kwa macho, bali ni kubwa kwa hukumu, kama tutakavyoona.

Nne, atazame bua. Ni moja, halina matawi wala majani. Chini ya tufe kuna vifuniko vyembamba vilivyolifunika ua lilipokuwa changa. Katika nyinyoro vifuniko hivyo hunyauka mapema vikalala chini.

Tano, arudi baada ya wiki chache kutazama majani. Ni mapana, membamba kwa unene, yana mshipa wa kati ulio wazi, na sehemu zao za chini zimefungamana hata zikafanya kitu mfano wa shina, mara nyingi lenye madoa. Baadaye, maua yakiisha, hutokea matunda madogo ya mviringo ambayo yakiiva huwa mekundu.

Mmea wenye dalili zote hizi wataalamu huuita Scadoxus multiflorus. Huenea katika sehemu kubwa ya Afrika kusini ya Sahara, na hupatikana pia upande wa kusini-magharibi wa Bara Arabu.

Mimea inayofanana nao

Jirani wa kwanza wa kutofautishwa nao ni Scadoxus puniceus, upatikanao Tanzania bara. Huo nao una kichwa chekundu, lakini vifuniko vyake ni vikubwa, husimama wima kulizunguka ua, na umbo lote hufanana na burashi ya kupakia rangi kuliko tufe.

Wa pili ni Gloriosa superba, ambao huchanua wakati wa mvua, nao una wekundu uliochanganyika na manjano. Huu hautatanishi akitazamwa kwa utulivu: ni mmea wa kutambaa, hupanda vichaka kwa kujishika kwa ncha za majani yake, na kila ua limekaa peke yake, petali zake 6 zimepinda kurudi nyuma kama ndimi za moto. Tunguu lake pia lina sumu kali.

Wa tatu ni yungiyungi lenyewe, na hapa ndipo penye ajabu, kwa kuwa kwa macho hakuna maua mawili yaliyo mbali zaidi. Yungiyungi ni la jenasi Nymphaea. Huota katika maziwa na mabwawa, majani yake ya mviringo huelea juu ya maji, na ua lake ni moja juu ya kikonyo, lenye petali pana nyingi. Hakuna mtu aliyeyaona yote mawili awezaye kuyachanganya. Yachanganywayo ni maneno tu, na huchanganywa na watu waliosoma.

Juu ya jina la kitaalamu

Huenda mtu akasema: majina ya watu hubadilika, basi na tushike jina la kitaalamu ambalo halibadiliki. Hoja hii si sahihi. Mwaka 1753 Linnaeus aliweka jenasi Haemanthus, jina lililoundwa kwa maneno ya Kiyunani ya damu na ua. Mwaka 1795 Martyn aliutia mmea wetu humo, akauita Haemanthus multiflorus. Mwaka 1838 Rafinesque aliweka jenasi Scadoxus, lakini kwa muda mrefu wengi hawakuifuata. Hatimaye mwaka 1976 Friis wa Denmark na Nordal wa Norwei waliirudisha, kwa hoja kwamba mimea hii ina majani membamba yenye mshipa wa kati, na kromosomu 18, hali Haemanthus halisi za kusini mwa Afrika zina majani manene yasiyo na mshipa wa namna hiyo, na kromosomu 16. Kwa hiyo msomaji akikuta katika vitabu vya zamani jina la Haemanthus multiflorus na ajue kwamba ni nyinyoro hiyo hiyo.

Tofauti kati ya wataalamu wa mimea na sisi wa makamusi si kwamba majina yao hayabadiliki. Ni kwamba kila jina lao limefungwa kwenye kielelezo, aghalabu mmea uliokaushwa na kuhifadhiwa, ili atakayetilia shaka aende akautazame. Sisi tunapoandika "aina ya ua" hatukufunga neno letu kwenye kitu chochote. Msomaji akishuku hana pa kwenda.

Nyinyoro katika kamusi na tafsiri

Edward Steere, katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1870, aliliorodhesha neno nyinyoro, akalieleza kuwa ni mmea wenye tunguu utoao kichwa kikubwa cha maua mekundu. Maelezo hayo ni mafupi, lakini yana mambo 3 yanayoweza kuhakikishwa: tunguu, ukubwa wa kichwa, na rangi. Ukiyachukua maelezo hayo mwituni wakati wa mvua, utalipata ua. Ukichukua maneno "aina ya ua", utarudi mikono mitupu.

Watu wengi zaidi walilipata neno hili kwa njia nyingine. Katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, iliyofanywa kwa Kiswahili cha muungano, nyinyoro imetumiwa katika sura ya 2 ya Wimbo Ulio Bora mahali pa neno la Kiebrania shoshana, ambalo ni jamaa ya sausan ya Kiarabu. Tafsiri nyingi za Ulaya zina mahali hapo ua la jenasi Lilium. Katika Injili ya Mathayo, penye maneno mashuhuri juu ya maua ya shamba, wafasiri hao hawakutumia nyinyoro. Walitumia neno la jumla, maua.

Yafaa kuwatendea haki wafasiri hawa. Hakuna Lilium iotayo yenyewe mwituni katika Afrika ya Mashariki, kwa hiyo walilazimika kuchagua ua la hapa. Tena wataalamu wa Kiebrania hawapatani juu ya shoshana lilikuwa ua gani. Wapo waliosema kwamba ni jekundu, kwa sababu katika sura ya 5 ya Wimbo huo midomo ya mpendwa imefananishwa nalo. Ikiwa hao wamesema kweli, mfasiri wa Kiswahili alikaribia asili kuliko wenzake wa Ulaya. Lakini pana jambo jingine la kuangaliwa. Katika Wimbo huo maua hutokea nchini mvua ikiisha kupita; nyinyoro hutokea mvua ikianza. Msomaji wa Unguja aijuaye nyinyoro kwa macho atahisi majira yamegeuzwa. Asiyeijua hatahisi chochote, wala hatajua kwamba pana cha kuhisiwa.

Kwa elimu ya mimea, hata hilo neno la kundi tulilolifuata darasani halikuwa sawa. Lilium na Gloriosa zina ovari juu ya mahali zishikapo petali. Nyinyoro, kama tulivyoona, ina ovari chini. Nyinyoro ni ya familia ya Amaryllidaceae, ambayo siku hizi huhesabiwa kuwa ndiyo familia ya kitunguu cha jikoni. Yungiyungi nalo ni la familia nyingine kabisa. Basi tulipoyaita yote kwa jina moja tulikuwa tumefuata mazoea ya lugha nyingine, wala si undugu wa mimea wala matumizi ya wazee wetu.

Kwa nini jambo hili ni zito

Ataniuliza mwanazuoni mwenzangu: je, maana za maneno hazibadiliki? Watu wakiita kila ua la namna hii yungiyungi, si hiyo ndiyo maana yake sasa? Nakubali kwamba mwanalugha hana amri juu ya usemi wa watu. Lakini tunguu la nyinyoro lina sumu, na sehemu nyingine za Afrika limetumiwa kuua samaki na kutilia mishale. Mizizi ya jamii ya yungiyungi, kinyume chake, huliwa mahali pengi Afrika wakati wa njaa ikiisha kupikwa. Mtu akisoma katika kitabu kwamba chini ya yungiyungi pana chakula, na shuleni amefundishwa kuiita nyinyoro yungiyungi, kosa la kamusi litafika chunguni. Shangazi yangu aliponiambia nikanawe mikono alikuwa ananipa sehemu ya maana ya neno ambayo hakuna mwandishi aliyeiandika.

Kwa hiyo napendekeza kidahizo kifuatacho kifikiriwe na watungaji wa kamusi:

nyinyoro, nomino [i-/zi-]: mmea wa mwituni wenye tunguu ardhini, ambao mvua zinapoanza hutoa bua moja lisilo na majani lenye tufe la maua mengi madogo mekundu, pia ua la mmea huo. Tunguu lake lina sumu. Scadoxus multiflorus. Si sawa na yungiyungi.

Msomaji ataona kwamba sikuweka neno moja kwa mmea na jingine kwa ua, kama tufanyavyo katika mwaridi na waridi, au mlangilangi na langilangi. Mgawanyo ule wafaa pale ambapo shina lasimama mwaka mzima na ua huja na kwenda. Nyinyoro haina shina la kusimama; linapoonekana ua, mmea wote ndio huo. Yaelekea lugha ililiona jambo hilo kabla yetu.

Kazi hii yapasa ifanywe kwa neno baada ya neno. Kila jina la mmea liulizwe kwa wazee wangali hai, mmea wenyewe uchumwe kwa idhini, ukaushwe, na kielelezo chake kitiwe katika hifadhi ya mimea, kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa nambari itakayoandikwa katika kumbukumbu za kamusi. Si jambo geni. Padri Charles Sacleux, ambaye kamusi yake kubwa ilitolewa Paris mwaka 1939, alikuwa mkusanyaji wa maneno na wa mimea kwa pamoja; na R. O. Williams alitoa mwaka 1949 kitabu kizima juu ya mimea ya Unguja na Pemba yenye manufaa na ya mapambo. Njia ilikwisha kufyekwa. Sisi ndio tulioiacha ikaota majani.

Masika yaliyofuata nilikwenda na darasa langu zima upande ule ule. Tulizikuta nyinyoro 4 chini ya vichaka, na yule mwanafunzi aliyeleta ua la kwanza ndiye aliyewaonyesha wenziwe ovari. Hatukuchuma hata moja. Tulipotoka, kila mmoja aliosha mikono yake, ijapokuwa hapana aliyekuwa ameligusa ua.